Dada ni daktari, ila kule anaogesha wazee

Nimekaa na hii habari karibu mwaka mzima sasa. Kabla sijaandika nilimuomba dada ruhusa, akanijibu kwa voisi fupi tu akiwa kwenye basi, kelele nyingi nyuma, "andika mdogo wangu, ila jina langu usiweke, na usiniandike kama mtu wa kuonewa huruma." Basi jina siweki. Hilo la pili nitajitahidi.

Mama yangu mtaani kwetu Tabata anaitwa Mama Dokta. Alianza kuitwa hivo kabla dada hajakanyaga hata geti la Muhimbili, ile siku tu majina ya waliochaguliwa yametoka, mzee akanunua soda kreti mbili akagawa gerejini. Muuza genge anamuita Mama Dokta, bodaboda wa pale kona wanamuita Mama Dokta, mimi mwenyewe kuna watu wazima mpaka leo hawajui naitwa nani, mimi ni "mdogo wake dokta" basi. Mzee alikuwa fundi magari, gereji yake ya chini ya mwembe, dada kasomeshwa na hiyo gereji pamoja na mkopo wa bodi, miaka mitano ya udaktari na mmoja wa kuwa intani, halafu akapangiwa hospitali ya mkoani akafanya kazi mpaka 2018. Mwaka huo ndo shemeji alipata makaratasi ya Canada, wakaondoka familia nzima, wakafikia Toronto. Mtaani ikawa sherehe upya, maana sasa haikuwa Mama Dokta tu, ikawa dokta wa Canada.

Mzee alifariki Juni mwaka jana, 2025. Sisi kuzika hatuchelewi, dada alivyofika tulikuwa tumeshazika siku mbili, akashuka kwenye gari akapitiliza moja kwa moja chumbani kwa mama ambaye alikuwa ameshaanza kukaa eda, wakafungiana mle ndani muda mrefu. Alivyotoka kuja kukaa na wanawake wenzake kwenye mkeka, hazikupita hata dakika ishirini, bahasha zikaanza kutoka. Watu walikuja msibani na bahasha za X-ray jamani. Mwingine na cheti cha kliniki, mwingine kabeba kikopo cha dawa anauliza hizi nimeze mpaka lini. Shangazi yetu mmoja wa Mbagala akapandisha gauni mpaka gotini, "mwanangu hebu niangalizie huu mguu." Dada akaushika, akabonyeza kwa kidole gumba pale kwenye ugoko, akasubiri, akatoa kidole, kishimo kikabaki pale pale kama umebonyeza unga. Akamuuliza unalala na mito mingapi shangazi? Ukipanda ngazi pumzi inakatika? Mkojo ukoje? Maswali matatu manne tu ya taratibu, akamwambia kesho kutwa nenda ukapimwe moyo na figo, usisubiri arobaini iishe. Mimi nilikuwa naingiza ndoo ya maji nikasimama mlangoni na ile ndoo. Sijawahi kumuona dada na uso ule kwenye vidio kolu hata siku moja, miaka saba yote.

Saa nane usiku wageni wamelala, tukabaki mimi na yeye jikoni nyuma tunasugua masufuria ya pilau, baridi ya kipupwe ile, akasema bila kuniangalia, "mdogo wangu, unajua leo ndo mara ya kwanza tangu 2018 nambonyeza mtu mguu halafu mtu ananiuliza, sasa dokta unaonaje?"

Nikanyamaza. Nilikuwa najua.

Hapa ndo panapo nisumbua mpaka nimeamua kuandika. 2021 nilimpigia vidio kolu ghafla, akapokea akiwa kazini, kwenye kistoo fulani, nyuma yake makasha ya pampasi za watu wazima yamepangwa mpaka dari, na pembeni mashine moja ina mikanda kama ya kubembea, baadae ndo nilikuja kujua ni mashine ya kumnyanyulia mgonjwa kitandani. Amevaa yunifomu. Nikaona kila kitu, sikuuliza kitu. Nikamwambia dada network mbaya nitakupigia, nikakata. Kesho yake nikatuma meseji ya hela ya dawa za mzee, presha na sukari, kama kawaida. Yaani nilichagua kutojua, kwa sababu nikijua itabidi mama asiitwe tena lile jina, na itabidi niombe hela kwa aibu. Na sio mimi tu, nimekuja kugundua nusu ya ukoo walikuwa wanajua au wanahisi, kila mtu amekaa na lake moyoni, tunakutana kwenye grupu la familia tunaandika "hongera dokta wetu."

Kwa hiyo usiku ule ndo alinielezea, mpaka adhana ya alfajiri.

Kazi yake kule wanaiita PSW, ni msaidizi wa kuhudumia watu ambao hawajiwezi, yeye yupo nyumba ya wazee. Shifti ya usiku inaanza saa tano inaisha saa moja asubuhi. Unaogesha, unabadilisha pampasi, unalisha, unamgeuza mgonjwa kila baada ya masaa mawili asiote vidonda vya kulalia, unapiga mswaki meno ya mtu, unamvalisha soksi. Ni kazi ya heshima, alisema hilo mara tatu, na mimi namuamini, wazee wengine watoto wao wanakuja mara moja kwa mwezi kwa hiyo anayewajua kweli ni yeye. Corona ilivyoingia 2020 alikuwa mle ndani. Watu wengi huku hatukujua kwamba Canada wimbi la kwanza lilipiga nyumba za wazee kuliko sehemu nyingine yoyote, zaidi ya robo tatu ya waliokufa wimbi lile walitoka kwenye hizo nyumba, mpaka jimbo la Ontario likaomba wanajeshi waje kusaidia kuhudumia. Dada alikuwa anaenda kazini, akirudi anavua nguo gereji, watoto hawamsogelei. Na sisi huku tulikuwa tunamtumia voisi za kumuuliza "dokta, eti kujifukiza kunasaidia?"

Akanipa hii stori moja, ndo imenikaa mpaka leo. Kulikuwa na mzee mmoja, jina hamtaji maana sheria ya kule hairuhusu, yeye anamuita Mzee wa Kijiko. Asubuhi moja anamlisha uji wake, huyo mzee huwa anataka ashike kijiko mwenyewe, mkono wa kulia, ndo ubishi wake. Siku hiyo akashika kwa kushoto. Dada akaona. Akamuomba acheke, mdomo ukaenda upande mmoja kidogo sana, kiasi kwamba kama humjui usingeona. Akamwambia nyanyua mikono yote, wa kulia ukashuka wenyewe. Dada anajua hicho kitu, ni kiharusi, kama ni damu imeganda kuna dawa ya kuiyeyusha lakini inatakiwa iingie ndani ya saa 4 na nusu tangu kianze, na hapo hujui kimeanza saa ngapi usiku. Akakimbia kwa muuguzi wa zamu akamwambia huyu ana kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, ita ambulensi sasa hivi. Muuguzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wodi nzima peke yake, akamjibu, "wewe niambie ulichokiona, usiniambie unachofikiria." Maana ndo utaratibu, PSW hatoi ugonjwa jina. Basi dada akasimama pale akaanza kutaja kama mtoto anayesoma herufi: ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unashuka. Ambulensi ikaitwa. Mzee alirudi baada ya wiki kadhaa anatembea na fimbo. Kwenye fomu, dada aliandika sentensi yake moja inayotakiwa, kwamba mkazi ameonekana tofauti wakati wa kifungua kinywa.

"Ameonekana tofauti," akarudia, huku anasuuza sufuria. "Miaka sita ya shule."

Mtu atasema si afanye mitihani yao. Kafanya. Nimeshindwa kuhesabu kwenye karatasi ni kiasi gani kimetoka, ila mtihani wa kwanza wa baraza la madaktari wa Canada peke yake unazidi dola elfu moja za kule, na hapo haujalipia vyeti vyako kuhakikiwa kutoka chuoni, haujanunua vitabu, haujafanya ule wa vitendo ambao bei yake ndo balaa zaidi. Alikuwa anasoma kwenye basi na chooni, watoto wamelala. Ule wa kwanza alifeli mara moja kwa alama chache akarudia akapita, wa vitendo akapita. Sasa hapo mimi ningedhani umemaliza, kumbe hujaanza, inabidi upate nafasi ya mafunzo ya hospitali, unaomba kwenye mfumo mmoja wa nchi nzima, na nafasi za waliosoma nje ni chache zimetengwa pembeni, majibu yanatoka mwezi wa tatu. Ameomba miaka miwili mfululizo na hakuitwa hata intavyuu moja. Kuna njia nyingine ya mkato ya madaktari wenye uzoefu, wanakupima wiki kadhaa ukiwa kazini, lakini hiyo inataka uwe umefanya udaktari miaka ya karibuni. Na yeye miaka ya karibuni yote kaogesha wazee ili watoto wale. Unaona hilo fundo lilivyo? Kila mwaka unaotafuta nafasi ndo mwaka unaohesabika kwamba hukufanya udaktari.

Sisemi wasipime watu. Mimi mwenyewe sitaki mtu anipasue tumbo kwa sababu tu ameleta cheti chenye muhuri, na hata hapa kwetu daktari aliyesoma nje anapitia baraza letu kabla ya kushika mgonjwa, ni haki kabisa. Ninachosema ni kwamba mtu kapimwa na kapita, halafu anaachwa kwenye korido.

Shemeji naye. Hapa Bongo tuna lile neno letu, kubeba boksi. Mtu akiweka picha yupo kwenye theluji, komenti ya pili au ya tatu lazima iwe "mbeba boksi huyo." Tunacheka. Nimelicheka sana hilo neno vijiweni huku nikijua kabisa shemeji yangu boksi anabeba kweli, ghala moja huko Brampton, ana digrii ya Mlimani na CPA ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, alikuwa mhasibu wa kampuni hapa mjini anavaa tai. Kilichoniuma kwake ni kwamba ile digrii ndo iliyomuingiza nchini. Canada wana mfumo wa pointi, umri wako, kiingereza chako, elimu yako, na elimu lazima ikapimwe kwanza na taasisi wanayoitambua, ya kwake ilipimwa ikasomwa ni sawa na digrii ya Canada, akapewa pointi zake, akapewa makaratasi. Akatua. Mwajiri wa kwanza akamwambia huna uzoefu wa Canada, wa pili hivo hivo, alivyofika wa ishirini na kitu akaacha kuhesabu. Tume ya haki za binadamu ya Ontario ilishasema tangu 2013 kwamba kudai uzoefu wa Canada ni ubaguzi, na kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huu 2026 sheria ya kazi ya jimbo hilo inakataza kabisa waajiri wenye wafanyakazi 25 na kuendelea kuliandika hilo sharti kwenye tangazo la kazi. Nilimpigia kumpongeza. Akasema, "shem, kwenye tangazo imetoka, kichwani kwa bosi itatoka lini?" Yupo na miaka 44, mgongo unamuuma, na uhasibu aliambiwa arudie masomo karibu yote.

Na kwenye hiyo nyumba ya wazee dada sio wa peke yake. Kuna usiku walikaa kula saa tisa hivi, kila mtu na kikontena chake, wakaanza kuulizana kwenu ulikuwa nani. Mfilipino muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwingine Mfilipino pia muuguzi, Mnigeria mwalimu wa chuo, na yeye daktari. Wote wamevaa yunifomu moja ya rangi ya zambarau. Anasema walikaa kimya kidogo halafu kengele ya chumba fulani ikalia wakanyanyuka.

Rudi nyumbani basi, si ndo tunawaambiaga? Arudi wapi. Watoto wapo sekondari kule, kiswahili chao cha kubahatisha. Na hapa kuna madaktari vijana wamemaliza hiyo hiyo Muhimbili wanasubiri ajira za serikali miaka, wengine wapo famasi wanauza panadol. Angerudi 2019 labda. Sasa hivi ni ngumu, na tusimtupie hilo swali kama jiwe.

Sasa kuna jambo lingine ambalo lilitokea wiki hiyo hiyo ya msiba, na dada ndo alilianzisha.

Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa na nywele ndefu, dada akasema twende nikusindikize ukanyoe. Saluni yenyewe ipo dakika tano kutoka nyumbani, kinyozi alikuwa Mkongo, alikuja kama mwezi wa tatu hivi, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, mkono mwepesi, tulimpenda mtaa mzima. Mimi alikuwa ananinyoa kila baada ya wiki mbili. Nilikuwa namuita Mkongo, namuuliza habari za muziki, namuuliza vita vipi huko, basi. Dada kakaa kwenye benchi hata dakika tano hazijaisha akamuuliza, "kaka, kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Jamaa akazima mashine. "Mi nilikuwaka mwalimu. Mwalimu ya hesabu, miaka kumi na moja. Kule Bukavu."

Ana digrii ya ualimu wa hesabu. Waasi wa M23 walivyouchukua mji Februari 2025 akatoka kupitia Uvira, akavuka ziwa mpaka Kigoma, akaja huku kwa binamu yake. Miezi mitatu ananishika kichwa na sikuwahi kumuuliza. Dada aliuliza kwa sababu yeye anajua ni swali ambalo mtu anakaa analisubiri.

Mwanangu akasema mwalimu, mi kwadratiki sielewi, kile kitendo cha kukamilisha mraba. Yule bwana akachukua kopo la poda ya nywele, akamwaga kwenye kaunta, akaisambaza kwa kiganja ikawa nyeupe bapa kama ubao. Akachora mraba kwa kidole. Huu upande wake ni eksi. Pembeni akachora mstatili mwembamba, upana 3, na chini yake mwingine kama huo huo, upana 3. Hiyo ni eksi skwea jumlisha eksi 6, unaiona? Mtoto akasema naiona. Akaweka kidole kwenye ile kona tupu ya chini kulia ambapo mistatili miwili haijakutana. "Hii kona ndiyo inakosekana. Tatu mara tatu, tisa. Unajaza kona, mraba inakuwa mzima." Akaijaza kona kwa kidole. Mimi nimemaliza kidato cha nne na hiyo mada nilikariri, nilikuwa sijui mpaka siku hiyo kwa nini inaitwa kukamilisha mraba. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri waliinuka kuja kuangalia. Bwana yule sauti yake ilibadilika kabisa, mgongo ulinyooka, na dada pale kwenye benchi nikamuona anajifuta machozi na ule mtandio.

Tukapanga awe anakuja nyumbani jioni kumfundisha dogo, alikuja mara sita au saba. Mwisho wa Julai ikatoka amri ya serikali ya biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kufanya, saluni ikiwemo, labda iwe ya hotelini au ya mambo ya utalii, faini isiyopungua milioni 10 au kifungo mpaka miezi sita, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Naelewa ilikotoka, wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika sana kuhusu wageni wenye mitaji wanaouza rejareja mpaka vitu vya machinga, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Ila huyu mtaji wake ulikuwa mkono. Mwenye saluni aliogopa, akamwambia pumzika kwanza. Kufundisha shule kihalali kunataka kibali cha kazi na kibali cha kuishi na digrii itambuliwe na TCU, tume ya vyuo vikuu, na akijitangaza kuwa mkimbizi basi sheria ya 1998 inamtaka akakae kambini, Nyarugusu kule Kasulu. Makaratasi yake sikuwahi kumuuliza yakoje. Jumamosi moja nimeenda sikumkuta, namba haipatikani, binamu yake anasema kaelekea Lusaka. Dogo bado ana daftari lenye mwandiko wake, ule mwandiko wa kifaransa wenye saba iliyokatwa katikati.

Nilimwambia dada kwenye simu kwamba ameondoka. Akauliza, "mlimlipa?" Nikamwambia tulimlipa. Akasema vizuri, akanyamaza muda, nikasikia breki za basi.

Turudi kwa mama. Dada alimwambia mwenyewe, siku moja kabla ya kuondoka, mle chumbani, mimi nilikuwepo nimekaa kwenye sanduku. Alimwambia mama mimi kule sio daktari, naogesha wazee. Mama alikuwa anavuta tasbihi, akaendelea kuvuta. Halafu akauliza kitu kimoja tu, baba yenu alijua?

Dada akasema alijua. Alimwambia 2019, mwaka wa kwanza tu, mzee alimpigia usiku akamkuta analia kituoni. Mzee akasikiliza yote mpaka mwisho, akamwambia kazi ya mikono mimi nimeifanya maisha yangu yote, mikono yako sina wasiwasi nayo. Kichwa je? Kichwa unakipa nini? Ndo akawa anampigia kila wiki, sisi tunajua wanaongea habari za presha yake, kumbe mzee alikuwa anamfanya amueleze magonjwa. Anamuuliza sukari inaharibu vipi figo, hebu nielezee kama unamuelezea fundi gereji. Dada anaeleza. Mzee anauliza tena. Miaka sita hiyo. Hakumwambia mtu, hata mkewe, aliacha mama aendelee kuitwa vile anavyoitwa.

Mama hakusema neno. Aliichukua mikono ya dada akaiangalia, imekauka kwa zile dawa za kusafishia mikono, akafungua kopo lake la mafuta ya nazi akaanza kumpaka, kidole kimoja kimoja.

Eda iliisha mwezi wa kumi. Siku hizi dada akitoka shifti saa moja asubuhi kule, huku ni saa nane mchana, na miezi ya baridi saa tisa, anapiga. Simu inawekwa laudspika kwenye mkeka, mama anachambua mchele. Mtaani bado anaitwa Mama Dokta na anaitika. Juzi nimepita hapo nikasikia anauliza, "na yule bibi wa chumba cha mwisho, bado hataki kula?" Dada akaanza, mama yule figo zake zinachoka, figo zikichoka uchafu unabaki kwenye damu, ndo maana chakula chote kinamnukia vibaya. Mama akasimamisha mkono juu ya ungo. Akasema, "ngoja, rudia hapo kwenye uchafu wa damu. Kwani figo inajuaje kipi ni uchafu na kipi sio?"

Dada akacheka, akasema subiri nikae, hilo ni swali refu.